Sheria na Wewe: Maelezo ya Polisi, Deni la Jirani na Kukiri kwa Haraka

Majibu yafuatayo yanahusu sheria ya jinai ya Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za mwenendo wa kesi, hivyo msomaji wa huko asiyapokee kama yalivyo.

Swali: Mdogo wangu wa kiume alinunua simu mtaani Kariakoo kwa shilingi 80,000 bila risiti. Wiki tatu baadaye polisi walimfuata nyumbani, akalala mahabusu usiku mmoja, kisha akaachiwa kwa dhamana baada ya kutia saini karatasi ambazo hakuzisoma. Baba anasema wakili ni wa kesi ikishafika mahakamani, tusipoteze fedha sasa. Je, ni kweli?
*Dada mtu, Mbagala*

Jibu: Namheshimu mzee, lakini katika hili sikubaliani naye. Karatasi alizotia saini mdogo wako huitwa maelezo ya onyo, na katika kesi za namna hii mara nyingi ndizo zinazomfunga mtu kuliko simu yenyewe. Kosa la kupokea mali ya wizi chini ya Kanuni ya Adhabu halikamiliki kwa sababu tu mtu amekutwa na kitu kilichoibwa. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba aliyekipokea alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni cha wizi. Sasa chukulia kwamba kijana alimwambia mpelelezi, "Niliona bei ni nafuu," na kwenye karatasi pakaandikwa, "Nilishuku kwa kuwa bei ilikuwa ndogo." Kijiweni maneno hayo mawili yanakaribiana, lakini mbele ya hakimu la kwanza ni la mnunuzi aliyefurahia bei na la pili ni la mtu aliyefumba macho makusudi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mtu aliye chini ya ulinzi haki ambazo watu wengi hawazidai kwa sababu hawajui kwamba zipo: aelezwe kosa analotuhumiwa, aonywe kwamba halazimiki kujibu maswali zaidi ya kutaja jina na anwani yake, na akiomba, awezeshwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa kumhoji ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, nao unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu kwa saa zisizozidi 8. Mahakama ya Rufani imewahi kuyaweka kando maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo, kwa hiyo mwombe mdogo wako akumbuke, na aandike leo hii, saa aliyokamatwa, saa aliyoanza kuhojiwa na nani alikuwepo chumbani. Baada ya miezi sita kumbukumbu hizo zitakuwa zimechujuka.

Faida ya kumpata wakili mapema ni kwamba pingamizi dhidi ya maelezo hayo lina wakati wake. Linatakiwa litolewe pale shahidi wa mashtaka anapoomba kuyatoa kama kielelezo, kabla mahakama haijayapokea, ili hakimu achunguze kwanza kama yalitolewa kwa hiari. Mshtakiwa asiye na wakili huulizwa, "Una pingamizi?" naye akidhani ni swali la adabu hujibu, "Sina." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi nikiwa nimekaa benchi la nyuma nikisubiri kesi yangu iitwe, na kila mara hunikera kwa sababu ya aliyelitoa. Wakati huohuo tunzeni ujumbe wa muamala kama malipo yalifanyika kwa simu, na mtafuteni yeyote aliyekuwepo wakati wa manunuzi, kwani mtu anayenunua hadharani na kulipa kwa njia inayoacha alama hafanani na anayeficha jambo.

Jambo moja pembeni: dhamana ya polisi hailipiwi. Kama kuna "gharama" mliyotozwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wakili pale nje ya kituo, hakikini jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, kwa sababu vishoka hupenda sana familia zenye ndugu mahabusu.

Swali: Nilimkopesha jirani shilingi 1,500,000 na tuliandikishana mbele ya mjumbe. Muda umepita, hapokei simu. Polisi wameniambia hilo ni dai, si jinai. Je, wananikwepa?
*Mfanyabiashara, Morogoro*

Jibu: Hawakukwepi. Mtu aliyeahidi kulipa akashindwa, au hata akakataa, anadaiwa tu, na dai lako unalipeleka Mahakama ya Mwanzo ukiwa na hati yenu na mjumbe kama shahidi, bila kuhitaji wakili. Ingekuwa jinai kama angekudanganya kuhusu jambo lililokuwepo au lililokwishatokea ili umpe fedha hizo, kwa mfano kukuonyesha hati ya kiwanja kisicho chake. Usimlipe mtu yeyote ili amkamate jirani yako. Unaweza kujikuta wewe ndiye unayetafuta wakili.

Swali: Mume wangu alinipiga, nikachukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa) na kesi ikafunguliwa. Sasa wakwe wanataka nikaifute. Nifanyeje?
*Mama wa watoto wawili, Mwanza*

Jibu: Dada, kesi hiyo si yako kuifuta. Mlalamikaji ni Jamhuri, wewe ni shahidi, na mwenye mamlaka ya kuiondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuruhusu mapatano, lakini hayo yatokane na hiari yako na yaelezwe wazi mbele ya hakimu. Usikubali kupanda kizimbani na kusema kwamba ulianguka bafuni, kwa sababu kudanganya chini ya kiapo ni kosa linalojitegemea na wakwe hawatakusaidia kulijibu. Kama unashinikizwa au unaogopa kurudi nyumbani, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ukikosa fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa ushauri bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kukuelekeza waliko.

Swali: Kaka yangu alikuwa mlinzi wa ghala na hakulipwa mshahara miezi minne. Alichukua pampu ya maji ya mwajiri, akashtakiwa kwa wizi Mahakama ya Wilaya. Alisomewa shtaka akasema, "Ni kweli nilichukua, lakini namdai." Amefungwa miaka miwili, na sasa ni wiki ya tatu. Tunaambiwa aliyekiri hana rufaa.
*Mdogo mtu, Dodoma*

Jibu: Mnaambiwa nusu ya sheria. Ni kweli kwamba aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kwa kawaida hukata rufaa dhidi ya adhabu tu, lakini kanuni hiyo inamhusu mtu aliyekiri kosa lote bila utata. Neno "lakini" la kaka yako ni zito. Kanuni ya Adhabu inatambua utetezi wa mtu aliyechukua mali akiamini kwa nia njema, bila kusudio la kulaghai, kwamba ana haki nayo. Kama imani hiyo itakubalika kwa pampu iliyochukuliwa kufidia mshahara ni suala la ushahidi, na ushahidi husikilizwa katika kesi kamili. Kwa jibu kama hilo hakimu alipaswa kuandika kwamba mshtakiwa amekana, na hoja hiyo inaweza kusimama Mahakama Kuu.

Kinachonitia wasiwasi ni kalenda. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Muulizeni kaka yako leo kama aliitoa taarifa hiyo kupitia mkuu wa gereza, jambo ambalo wafungwa wengi hulifanya. Kama hakuitoa, Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda palipo na sababu ya msingi, na maombi hayo ndiyo kazi ya kwanza ya wakili mtakayemwona wiki hii. Mpelekeeni barua ya kuomba nakala ikiwa na mhuri wa kupokelewa, pamoja na ushahidi wowote wa mshahara usiolipwa, hata kama ni daftari la zamu.