Nilifika mama amekwisha kuzikwa

Swali la msomaji

Mama, jambo sana. Mimi ni mzaliwa wa Katuba, hapa Lubumbashi, lakini kwa miaka sita sasa ninaendesha mashine katika mgodi mmoja wa shaba karibu na Kolwezi, siku 14 kazini na siku 7 nyumbani. Mama yangu alifariki mwezi wa pili, siku ya Jumanne. Simu haziruhusiwi ndani ya mgodi, kwa hiyo nilipotoka jioni na kurudishiwa yangu langoni nilikuta nimepigiwa mara 19, na kabla sijafungua ujumbe wowote nilikwisha kujua. Msimamizi wangu aliniambia nimsubiri mtu wa kunibadili, nami nikasubiri hadi Alhamisi. Njiani, kabla ya daraja la Lualaba, tulikuta lori limepinduka na kuziba barabara yote, tukalala ndani ya basi. Niliingia Katuba Ijumaa saa kumi alasiri, nikakutana na watu wakirudi kutoka makaburini, viatu vyao vimejaa udongo mwekundu.

Tangu siku hiyo dada yangu mkubwa hanisemeshi. Alisema mara moja tu, mbele ya watu, kwamba nilichagua shaba nikamwacha mama. Mjomba wetu anadai nilipe mbuzi na dola 100 kwa sababu sikuwapo. Mchungaji wa kikundi ninachosali nacho Kolwezi ananiambia niache kulia, kwa kuwa mwenye imani halilii kaburi, na mama yangu alikuwa Mkatoliki wa misa ya alfajiri maisha yake yote. Jumanne ile ile nilituma dola 400 kwa simu, nazo ndizo zilizonunua jeneza. Wiki iliyofuata, nikiwa nimerudi kazini, dereva mmoja wa basi aliniletea kifurushi ambacho mama alimkabidhi Jumapili, siku mbili kabla ya kufa: kipande cha kitenge kilichofungwa fundo, na nikikipapasa nahisi karanga na viwavi wakavu ndani yake. Sijakifungua mpaka leo.

Nauliza: je, niandae kilio cha pili ili nimlilie mama yangu ipasavyo? Je, niache kazi hii? Na nifanye nini na dada yangu?

Mwana aliyechelewa, Kolwezi

Jibu

Mwanangu, pole sana. Dada yako umemtaja mwisho, lakini mimi nitaanza naye, kwa sababu naona maswali yako mengine yote yanategemea hilo.

Hebu fikiri alivyokuwa tangu Jumanne hadi Ijumaa. Yeye ndiye aliyefumba macho ya mama yenu, au alikuwapo yalipofumbwa. Ndiye aliyechagua kitenge cha kumvika, akabishana juu ya malipo ya kuhifadhi mwili, akatafuta turubai na viti vya kukodi, akalala mkekani pamoja na wanawake waliokuja kulia, na usiku wa manane akaamka kuchochea mbabula, jiko la makaa, ili wageni wapate chai. Fedha zako zilinunua jeneza, nami sizidharau, kwa maana najua siku ngapi za jasho zimo ndani ya dola 400. Lakini kuna mtu aliyekwenda kwa fundi seremala kulichagua, akapitisha mkono juu ya mbao kuona kama ni laini, akarudi amekaa kando yake ndani ya gari. Siku hizi wengi wetu tunazikana kwa simu. Fedha hufika kwa dakika moja, na anayezipokea hubaki na kazi yote ya mikono na ya moyo. Neno lile kuhusu shaba ni neno la mtu aliyebeba mzigo wa watu wawili siku nne mfululizo. Lilikuwa neno zito, na kulisema mbele ya watu hakukuwa vizuri, lakini usilichukue kama hukumu ya maisha yako.

Nikueleze yaliyonipata mimi mwenyewe. Mwaka 1989 nilikuwa mwalimu huko Kalemie wakati baba yangu, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli hapa Lubumbashi, alipofariki ghafla. Habari ilinifikia kwa foni, ile redio ya mawasiliano ya misheni, siku mbili baadaye. Nilipanda treni, na wale wanaoijua njia ile ya kupitia Kabalo na Kamina watanielewa nikisema kwamba tulikaa Kabalo siku sita tukingoja kichwa cha treni. Nilifika nyumbani siku ya kumi na moja. Viti vilikuwa vimerudishwa, mikeka imekunjwa, na majirani walionisalimu walikuwa wamekwisha kulia machozi yao, hivyo hakuna aliyelia nami. Mdogo wangu hakunikumbatia. Alinitazama kwa muda, akaingia ndani, akarudi na beseni lenye nguo za kazi za baba, zile za buluu zilizolowa grisi, ambazo hakuna aliyezifua tangu siku aliyoanguka. Akaliweka miguuni pangu akasema, "Hizi tulikuachia wewe." Nilizifua mchana kutwa. Vipande vitatu vya sabuni viliisha na grisi ya mifukoni haikutoka. Mdogo wangu alikuja akakaa kwenye ngazi, na nilipokuwa nikisugua alianza kunieleza: baba alisema nini asubuhi ile, alikula nini, nani alifika wa kwanza. Aliendelea hadi giza likaingia. Baba yangu nilimzika siku hiyo, mwanangu, juu ya beseni lile.

Kwa hiyo mapumziko yako yajayo yakifika, nenda kwa dada yako kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote. Usiende na maelezo ya lori lililopinduka, kwa sababu lori hilo amekwisha kulisikia, na kila ukilitaja yeye anasikia kwamba unajitetea. Mwombe mambo mawili. Kwanza, akusimulie yote tangu mama alipoanza kuumwa, bila kuacha kitu, nawe usimkatize hata akikosea siku au saa. Pili, akuambie ni kazi gani iliyobaki. Baada ya kilio kazi haikosi kubaki: nguo za marehemu hazijagawiwa, fungu lake la likelemba, mchango wa kupokezana, halijadaiwa, kuna mama sokoni aliyemkopesha unga, karatasi za kiwanja ziko chini ya godoro na hakuna aliyezisoma, msalaba wa kaburini bado ni wa mbao na jina limeandikwa kwa rangi itakayofutwa na mvua. Chagua kazi ambayo haiwezi kufanywa kwa kutuma fedha, uifanye kwa mikono yako mbele ya macho yake. Huenda asikusemeshe siku ya kwanza. Rudi siku ya pili.

Kilio cha pili usikiandae. Najua wapo wanaofanya hivyo, tena kwa nia njema, lakini ukileta turubai, viti, sahani za bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kwa watu themanini, wewe utakuwa mwenyeji, na mwenyeji wa kilio hapati nafasi ya kulia. Tena utamlazimisha dada yako apike upya kwa ajili ya msiba ambao amekwisha kuupikia mara moja. Mama yako alikuwa mtu wa misa, na kwa hesabu yangu siku yake ya arobaini bado haijapita. Nenda parokiani kwake uandikishe misa ya kumwombea siku hiyo, kaeni benchi moja wewe na dada yako, na ikiwa zamu yako kazini inaangukia hapo, badilishana na mwenzako mapema. Safari hii siku unaijua kabla.

Kuhusu mchungaji wako, sitaki kumvunjia heshima, lakini namwomba asome upya sura ya kumi na moja ya Injili ya Yohana. Yesu alifika Bethania Lazaro akiwa na siku nne kaburini. Alichelewa. Martha alitoka kumlaki na jambo la kwanza alilomwambia lilikuwa lawama, kwamba kama angekuwapo ndugu yake asingekufa, na Maria naye akaja akarudia lawama hiyo hiyo. Bwana hakuwakemea dada wale wawili. Aliuliza walikomweka, akaenda, na alipokuwa njiani akalia machozi. Aliyelia hapo ndiye aliyejua kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke. Basi sioni ni imani ya namna gani ingekukataza wewe kulia, na katika habari hiyo namwona dada yako wazi kabisa, amesimama njiani kama Martha.

Mjomba mwendee ana kwa ana, pamoja na dada yako mkiwa mmepatana, mkamuulize mbuzi huyo ana maana gani katika ukoo wenu. Ikiwa ni desturi ya kumpokea mtoto aliyekosekana msibani, mbuzi si ghali, aliwe na wote na jambo liishe. Dola 100 juu yake mimi nisingezitoa.

Sasa kazi. Usiache kazi mwezi huu, wala mwezi ujao; mtu mwenye msiba hafai kuamua jambo kubwa kama hilo, na mama yako aliyekuwa akikufungia karanga ili ule huko kambini hakuwa anakuita urudi. Lakini kuna jambo ambalo ulipaswa kulijua siku ile ya Jumanne, na linaniumiza kwamba hakuna aliyekufundisha. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya Kongo, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 2002, katika kifungu cha 146, inampa mfanyakazi likizo ya siku 4 za kazi anapofiwa na mwenzi wake wa ndoa au mzazi au mtoto, na siku 2 anapofiwa na babu, bibi au ndugu wa kuzaliwa naye. Hilo ni haki yako, na halikupaswa kungoja mtu wa kukubadili apatikane. Simlaumu msimamizi wako kupita kiasi, huenda naye hajui. Hata hivyo nenda kwa mjumbe wa wafanyakazi mgodini, mwambie yaliyokupata, na mwombe kifungu hicho kibandikwe pale langoni mnapoacha simu zenu. Mwombeni pia utawala uweke namba moja ambayo familia zinaweza kuipiga ili mtu aliye ndani aitwe. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 300. Ungeondoka usiku ule wa Jumanne, hata lori lile lisingekukuta barabarani.

Kifurushi cha mama kisikae kambini. Karanga huingia wadudu, na viwavi wakipata unyevu huota ukungu, tena mvua bado hazijaisha. Kibebe kama kilivyo, fundo lake likiwa bado limefungwa na vidole vya mama, ukakiweke mbele ya dada yako siku mtakapokuwa mmezungumza. Fundo aliache au alifungue yeye, ni juu yake. Kama atalifungua, mpike mle, na kitenge apewe yeye.

Na tarehe 1 mwezi wa nane, Siku ya Wazazi, panga mapema uwe Lubumbashi, maana siku hiyo asubuhi mji mzima huwa makaburini kung'oa majani na kufagia, na wenye wazazi walio hai huenda kula nao mchana. Wakati huo ni kiangazi, majani yamekauka na ardhi ni ngumu kama tofali. Nenda na jembe lako mwenyewe, kwa sababu siku hiyo hakuna jirani atakayekuwa na la kukuazima.