Unaanza kazi za nyuma ya steji? Usikariri orodha, anza na maneno haya

Vijana wengi wananiulizaga wasome nini kwanza wakitaka kuingia kwenye hizi kazi za jukwaani, sio kuigiza, nasemea taa, sauti, mapambo, kubeba na kufunga vyombo. Na mtu anapouliza unakuta ashapakua orodha ndefu ya maneno kutoka mtandaoni anakariri kuanzia A. Achana nayo. Nusu ya yale maneno ni ya kumbi za London zenye kamba na vyuma vya uzito vya kupandishia mapazia, wakati kazi yako ya kwanza huenda ikawa Ngome Kongwe pale Unguja ambako jukwaa liko wazi juu ni anga tu, au kwenye bwalo la shule lenye soketi mbili. Mi nasema anza na yale ambayo mtu akiyatamka huna muda wa kuuliza "eti nini?"

La kwanza ni hedsi. Ukisikia mtu kapiga kelele "hedsi!" ujue kuna kitu kinadondoka kutoka juu, spana, taa, chochote, toka ulipo na usinyanyue uso kuangalia. Hapo hapo ijue na sefti, ile waya ya chuma inayozungushwa kwenye taa na kwenye bomba lililoibeba, ili klempu, yaani kishikio cha taa, ikilegea taa ining'inie tu isimshukie mtu. Mimi nikipewa taa ya kufunga haina sefti sipandi ngazi, wataniita msumbufu sawa tu.

Halafu kuna pande za steji, hapa ndo watu wanapoteza muda balaa. Kulia na kushoto ya steji ni ya muigizaji aliyeangalia watazamaji, sio ya wewe uliyekaa kwenye viti. Kuna siku tuko mazoezini Bagamoyo, muongozaji kakaa kule mbele anasema sogeza kiti kushoto, dada aliyekua jukwaani akakisogeza kushoto kwake, fundi wa taa naye kapeleka mwanga kushoto ya viti, matokeo yake kiti kiko gizani na ukuta unawaka vizuri kabisa hauna mtu, wakaanza kulaumiana pale mpaka chai ikapoa. Sasa we simama katikati, uso kwa watazamaji, mkono wako wa kulia ndo steji raiti, basi. Ukisogea kuwafata watazamaji unaenda dauni steji, ukirudi nyuma unaenda api steji. Hii usiisome kwenye karatasi, bandika tepu sakafuni utembee huku unasema kwa sauti, watakucheka siku mbili alafu watakuja kukuuliza wewe.

Ya tatu ni amri za wakati wa shoo. Steji meneja ndo anaita kila badiliko, na kila badiliko linaitwa kyuu na lina namba yake. Anasema "stendibai taa 12", we unaacha kila kitu, kidole kwenye kitufe, unajibu "stendibai". Usipojibu hajui kama umesikia au umeenda chooni. Akisema "taa 12, go" unabonyeza pale pale kwenye go, sio kwenye namba. Na kwa sababu hiyo neno go halichezewi ukiwa umevaa hedseti, hata kama unapiga stori za mpira tafuta neno lingine, maana kuna mwenzako kidole chake kiko juu ya kitufe anasubiri hilo tu.

Umeme sasa. Majina ya taa utayajua taratibu, ila wati na ampea jua mapema. Pakani, ile taa ya zamani ya umbo la kopo, ya wati 1000 kwa umeme wetu wa volti 230 inakula zaidi kidogo ya ampea 4, kwahiyo soketi ya ampea 13 usiining'inizie tatu, weka mbili uwe na amani. Taa za LED zinakula kidogo ila zina lugha yao, DMX, ndo meza ya kuongozea taa inatumia kuziamrisha, laini moja ina chaneli 512, yaani njia za kupitishia amri. Kama taa yako inatumia chaneli 7, ya kwanza unaipa anwani 1, yaani chaneli inayoanzia, ya pili 8, ya tatu 15, unaendelea hivohivo. Ukiona taa mbili zinafanya kitu kilekile na hukuziambia, kaangalie anwani kabla hujaanza kusema meza imekufa.

Geli, zile karatasi za rangi za kuweka mbele ya taa, siku hizi LED zimezipunguzia soko ila wazee wa taa bado wanaagiza kwa namba. Ya kampuni ya Lee namba 181 inaitwa Kongo Bluu, ni nzito hiyo, inameza mwanga karibu wote, ukiipachika usishangae taa ikaonekana kama imezimwa.

Mengine kama propu (vitu vya kushikwa na waigizaji), wingi (pembeni mwa steji kusikoonekana), blakauti (taa zote kuzimwa) utayaokota kazini ndani ya wiki. Ila uliza kabla shoo haijaanza, sio katikati. Na mkimaliza kufungua vyombo ukaambiwa ukunje waya, usiuzungushe kwenye kiwiko, unajisokota wenyewe na kesho utakua na mafundo. Ushike mkononi, pindi moja kawaida, linalofata ulipindue kwa ndani, mpaka mwisho, ufunge na kipande cha tepu.