Mbhashe: watu wake na nani anaiongoza

Ndugu, umeuliza kama Mbhashe, kule Eastern Cape, Afrika Kusini, ni mji, na kama diwani wa huko ndiye anayeshughulikia maji. Yote mawili, hapana.

Mbhashe ni halmashauri ya vijijini. Sensa ya 2011 ilihesabu takriban watu 255,000, karibu wote wakizungumza Kixhosa. Miji ni midogo mitatu tu: Dutywa, yalipo makao makuu, Willowvale na Elliotdale. Wengine wanaishi kwenye misonge na nyumba za bati zilizotawanyika juu ya vilima, mmoja huku, mwingine kule. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, maana vijana huenda Cape Town na Gauteng kutafuta kazi.

Hapo kwenye maji ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mama akitoka mtoni na ndoo kichwani kwa sababu bomba limekauka, humwendea diwani wa kata, lakini mabomba yako chini ya Amathole, manispaa ya wilaya iliyo juu ya Mbhashe. Diwani hubaki kupeleka malalamiko. Kwa kweli inaniuma, kwani lawama zote humwangukia yeye.

Nusu ya madiwani huchaguliwa na kata, nusu hutoka kwenye orodha za vyama, kisha wao ndio humchagua meya. Machifu nao huwakilishwa barazani, ila hawapigi kura. Usiwadharau lakini: mtu akitaka kiwanja kijijini, huanza kwa isibonda, mkuu wa kijiji, kabla ya ofisi yoyote.