Kunyonya au kunasa unyevu?

Swali: Natafsiri maelezo ya vifuko vya kuweka kwenye maghala ya kahawa kule Mbozi. Nimeandika: "Malighafi yenye vinyweleo inayonyonya unyevu, pamoja na nanochembe za fedha zinazoua bakteria na ukungu." Mwenzangu anasema haieleweki. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Anza na kitenzi, maana ndicho kilichobeba sayansi yenyewe. Sifongo hunyonya: maji huingia, ukiikamua hutoka. Hiyo unayoiita malighafi ni viunzi vya metali na kaboni (kwa Kiingereza metal-organic frameworks), vilivyowapatia wanakemia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025, navyo havifanyi hivyo. Ni ioni za metali, kama aluminiamu au zirkoni, zilizounganishwa kwa molekuli zenye kaboni, na katikati yake vikabaki vitundu vingi, aghalabu vyenye upana usiofika nanometa 2 (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Molekuli za maji hushikwa kwenye kuta za vitundu hivyo. Kiunzi kikipata joto, molekuli hizo huachiwa. Neno lake ni kunasa. Na kwa kuwa tuna kinasa sauti, kinasa unyevu kitaeleweka bila maelezo. Ukiandika "inanyonya", mkulima atakikamua kifuko badala ya kukianika.

"Malighafi" ni kitu ambacho bado hakijatengenezwa, kama buni inayongoja kukaangwa. Andika "kiunzi". "Vinyweleo" navyo ni vya ngozi, na msomaji atawaza nywele laini za mkononi, "vitundu" vinatosha.

"Nanochembe" imepinduka. Kiswahili hutanguliza kitu, sifa ikafuata: chembe nano. Fedha ndiyo yenye mtego mkubwa. Asili yake ni Kiarabu, fidda, yaani madini yenyewe, lakini leo maana ya pesa imeimeza ile ya kwanza. Itaje "madini ya fedha" mara ya kwanza, kisha "fedha" peke yake haitapoteza mtu.

Ukungu kwa mtu wa Mbozi au Tukuyu ni ule unaofunika mashamba asubuhi. Unaoota kwenye buni uite kuvu. Tena kuvu si bakteria: kama maelezo ya asili yanataja bakteria tu, usiongeze kuvu, maana mkulima ataacha kuikagua kahawa yake akiamini imekingwa. Vilevile, "zinaua" na "zinazuia kuzaliana" ni madai mawili tofauti. Fuata lile lililoandikwa.

Ikiwa chembe zimo ndani ya kiunzi, na asili inataja kuua bakteria tu, andika: "Kiunzi chenye vitundu kinachonasa unyevu, kilichobeba chembe nano za madini ya fedha zinazoua bakteria." Kama zimewekwa kando, "pamoja na" yako ibaki.