Mkuu, usisaini: hiyo 1,430 ni kodi ya kiwanja kitupu

Mkuu, simama hapo hapo. Kalamu weka chini.

Umeandika kwamba umeingia kwenye rekodi za kaunti, ukaitafuta ile nyumba mpya ya dola 365,000 huko Katy, Texas, ukakuta kodi ya mwaka ni 1,430, na shemeji kafurahi. Ukauliza mambo manne: kiasi hicho ni sahihi, utajuaje kama kuna deni la kodi, msamaha wa mwenye nyumba unaombwaje, na thamani inapingwaje. Mimi sikufika hata la pili. Damu ilinichemka, maana hiyo picha ya rekodi uliyoweka naweza kuapa ni ya kwangu ya 2021.

Hiyo si kodi ya nyumba. Ni kodi ya kiwanja chenye nyasi na vigingi.

Itazame tena picha yako. Kuna mstari wa "Land", yaani ardhi, umeandikwa 52,000. Chini yake kuna "Improvements", sifuri. Hiyo "improvements" ndiyo nyumba yenyewe, mkuu! Kuta, paa, jiko, na hilo gereji la magari mawili ulilotusifia. Kwa kaunti, kitu unachotaka kukilipia miaka 30 hakipo. Na hawajakosea. Texas mali inathaminiwa ilivyokuwa Januari mosi ya mwaka husika, na Januari mosi pale palikuwa matope. Mwakani watakuta nyumba imesimama na wewe umo ndani.

Sasa sikiliza yangu, na tafadhali msicheke, mimi nilisoma uhasibu Dar mpaka mwaka wa pili.

Nilinunua Oktoba 2021, kaunti ya Fort Bend huku huku Texas, nyumba mpya, dola 310,000. Dalali alikuwa wa kwetu kabisa, mtu tunayekutana naye misibani na kwenye sendofu. Nikamuuliza kodi. Akasema, "Kaka, usiamini maneno yangu, ingia mwenyewe kwenye mtandao wa kaunti." Ujanja wenyewe ndio huo. Hakunidanganya hata neno moja. Alinituma nikajidanganye mwenyewe.

Nikaingia. Kodi 1,488. Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akanyoosha kidole kwenye skrini akauliza, "Na hii sifuri ya nini?" Nikamjibu kwa ule ujuaji wa mwanaume aliyekaa Marekani miaka sita: "Hawajamaliza kujaza, mambo ya mtandao hayo." Jibu lile limenigharimu kuliko gari lolote nililowahi kununua. Mpaka leo nikijifanya najua kitu pale nyumbani naulizwa, "Kama ile sifuri?"

Afisa mkopo naye akachukua kiasi kile kile, akakigawa kwa 12, akaweka dola 124 kwa mwezi kwenye eskro. Kwa ambao bado hamjanunua: eskro ni ile akiba benki inayokukata kila mwezi pamoja na mkopo, kisha yenyewe inalipa kodi na bima kwa niaba yako. Yeye alifurahi, maana rejesho likionekana dogo mkopo unapita. Rejesho langu lote lilikuwa 1,690. Nikapiga picha mlangoni na funguo, nikatuma kwenye grupu la ukoo. Mjomba akajibu "hongera mwekezaji".

Mwaka 2022 kaunti wakaja wakaona nyumba. Thamani 335,000, viwango vyote vya kodi kwa jumla dola 3.10 kwa kila dola 100. Zidisha. Kodi 10,385. Benki ikailipa yote Desemba, mimi nikiwa nimelala usingizi wa mwekezaji, na Februari 2023 ikaja barua.

Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi mpaka yawakute, kwa hiyo soma polepole. Unapigwa mara mbili. Pengo lilikuwa dola 8,897. Pigo la kwanza, benki inataka urudishe pengo hilo, na ukishindwa kulilipa kwa mkupuo wanaligawa kwa miezi 12, sawa na 741 kwa mwezi. Pigo la pili, mwaka unaofuata unatakiwa uweke akiba ya kodi halisi na siyo ya matope, yaani 865 badala ya 124. Ongezeko jingine la 741. Nililala na rejesho la 1,690, nikaamka na 3,172. Nilidhani ni barua ya jirani.

Nikampigia dalali. Akasema, "Kaka, mimi ni dalali, si mtu wa kodi." Siku ile ya kuchukua kamisheni alikuwa mtu wa kila kitu: wa shule, wa bima, wa majani gani yapandwe mbele ya nyumba. Na ule wimbo wake, "Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, huku ni raha tupu." Kweli haina. Hela hiyo wanaifuata nyumbani kwako. Tunakutana naye bado kwenye misiba. Sahani yangu huwa naipeleka meza nyingine.

Nilichukua zamu za usiku ghalani mwaka mzima. Lori langu dogo nikaliuza. Na Desemba ile, wakati Wachaga wote wa dunia wanapanda kwenda Moshi, mimi nilibaki Texas nikila ndizi za kununua duka la Fiesta. Mama alipouliza tiketi nikamwambia kazi zimebana, na wala sikusema uongo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaiandika kila mtu akifungua uzi wa nyumba hata moderata akinichoka: USISOME KIASI CHA KODI. Ruka. Kiasi kile ni cha mmiliki wa leo, kwa hali ya leo, na misamaha yake ya leo. Chukua viwango, vijumlishe, zidisha kwa bei unayonunulia wewe. Kwako picha inaonyesha jumla ya dola 2.75 kwa kila dola 100. Kwa 365,000 ni dola 10,037. Ndiyo kodi yako kabla ya msamaha wowote, 836 kwa mwezi, na wewe umepanga bajeti ya 119.

Usijifariji kwamba nyumba ya zamani haina mtego huo. Jamaa yangu wa kazini alinunua kwa bibi mmoja, rekodi ikaonyesha kodi ndogo hadi tukamwonea wivu. Kumbe bibi alikuwa amepita miaka 65, kodi yake ya shule, ile sehemu ya kodi ya nyumba inayokwenda shule, imegandishwa, na thamani yake ya kutozwa ilikuwa imefungwa kwenye lile ongezeko lisilozidi asilimia 10 kwa mwaka. Ndiyo maana kwenye rekodi unaona thamani mbili, ya soko na ile ya kutozwa, zimeachana kama mtalaka na mtalaka. Bibi alipouza, mwaka uliofuata vyote vikafutika. Jamaa akabaki na ya soko. Zidisha mwenyewe, nimeshasema.

Na viwango uvichukue wapi? Ofisi ya tathmini ya kaunti, siyo kwa mkusanya kodi. Hizi ni ofisi mbili tofauti. Ya kwanza inapanga thamani na inaorodhesha kila mamlaka inayokutoza. Ya pili inaonyesha zile tu inazozikusanyia, na MUD nyingi za huku pembeni zina mkusanyaji wao mwenyewe, kwa hiyo unaweza ukaona bili ya kaunti ukadhani ndiyo mwisho, kumbe kuna nyingine inapanda basi inakuja. MUD ni wilaya ya maji na mifereji, inakopa ili kujenga mabomba ya mtaa mpya, kisha nyinyi mnalipa. Kiwango cha MUD yangu peke yake kilikuwa dola 1.20 kwa kila 100. Muuzaji kisheria anatakiwa akupe karatasi ya taarifa ya MUD yenye kiwango na deni la wilaya kabla hujafungwa na mkataba. Mimi nilipewa. Nikaisaini katikati ya karatasi nyingine, huku naulizia rangi ya kabati.

Halafu hakikisha unatafuta kwenye kaunti sahihi, maana Katy imekaa kwenye tatu: Harris, Fort Bend na Waller. Kuna mtu humu aliwahi kulalamika wiki nzima kwamba nyumba yake haipo kwenye mfumo.

Msamaha wa mwenye nyumba, ule wa homstedi: fomu namba 50-114, unajaza ofisi hiyo hiyo ya tathmini, bure. Ukihamia tu utaletewa barua yenye nembo kama ya serikali inayotaka ulipie ili "wakusajili". Chana. Baada ya kura ya wananchi wa Texas ya Novemba 2025 unaondoa 140,000 kwenye thamani, lakini ni kwa kodi ya shule tu, kwa hiyo usianze kutoa 140,000 kwenye kila kitu. Ukiwa nao, ile 10,037 inaweza kushuka kwa dola elfu moja na mia kadhaa, kutegemea kiwango cha shule yako. Bado haifanani na 1,430 hata kidogo.

Leo, kabla hujalala, mwandikie afisa mkopo barua pepe, siyo simu, umwambie aweke eskro kwa thamani ya nyumba iliyokamilika. Akikwambia "mfumo umekubali hii ndogo", ufungue akaunti pembeni uweke tofauti mwenyewe kila mwezi. Na kama ukiiona 836 unaona giza, basi nyumba hiyo si ya mshahara huo, tafuta ya 260,000, hakuna atakayekucheka isipokuwa yule dalali.

Deni la kodi, kampuni ya hati, ile inayokagua umiliki wa nyumba unayonunua, inalitafuta kabla ya kusaini. La kupinga thamani wakujibu wengine, zamu yangu inaanza saa kumi na mbili. Ila iweke hapa ile karatasi ya MUD kwanza. Hujaisema popote kwenye uzi wako, na hilo ndilo linanitisha.