Hita ya gesi inawaka kisha inazima: ni bodi au sensa?

SWALI: Nina hita ya maji ya gesi ya ukutani, ya lita 6, inayotumia betri mbili kubwa. Nikifungua bomba inapiga cheche na moto unawaka, lakini baada ya sekunde nne hivi unazima. Betri ni mpya na mtungi umejaa. Fundi anataka nibadilishe bodi, yaani saketi ya umeme inayoiongoza hita. Ni kweli imekufa? – Msomaji, Arusha

JIBU: Usinunue bodi bado. Moto ukiwaka, basi maji yana presha ya kutosha, maikroswichi (swichi ndogo inayobonyezwa maji yakipita) imeunganisha, cheche ipo na gesi imefika. Swali limebaki moja: kwa nini vali ya gesi inajifunga tena?

Anza kwa kusikiliza. Katika hita nyingi, ule mlio wa tiktiktik hukoma mara bodi inapouona moto. Ukiendelea huku moto unawaka, bodi haiuoni, na inakata gesi kwa usalama wako.

Bodi huuona moto kupitia sensa, yaani kijiti cha chuma kilichoshikwa na kauri juu ya bana, pale gesi inapowakia. Usikichanganye na kijiti cha cheche, ambacho waya wake ni mnene zaidi. Umeme unaopita kwenye moto kutoka kijitini hadi kwenye bana ni wa mikroampea chache tu. Masizi kidogo yanatosha kuuzuia.

Funga mtungi, toa betri, fungua kifuniko. Sugua kijiti kwa msasa laini mpaka king'ae, hakikisha ncha yake inaingia ndani ya moto, kisha kagua kauri: ikiwa na ufa, badilisha sensa. Halafu fuata waya wa ethi hadi kwenye skrubu ya fremu ya chuma ya hita. Hapo ndipo wengi hawaangalii, na kutu ya skrubu hiyo huleta dalili ileile.

Bado inazima? Rudisha betri, chukua multimita. Pima betri zote mbili kwa pamoja wakati cheche inapiga, si zikiwa zimelala: zikishuka chini ya volti 2.5 hivi, hata kama ni mpya, ni dhaifu. Nunua za alkalini. Kisha weka mita kwenye waya za vali na utazame wakati moto unazima. Volti ikibaki na moto ukazima, koili ya kushikilia vali imekufa. Volti ikitoweka kwanza, amri imetoka kwenye bodi. Pima kikata-joto, yaani swichi inayokata umeme hita ikipata joto kupita kiasi; kikiwa baridi kinapaswa kupitisha umeme na kuifanya mita ilie. Mita isipolia, kibadilishe, wala usiunganishe waya zake moja kwa moja hata kwa majaribio. Vyote vikiwa sawa, sasa fundi wako ana haki ya kuitaja bodi.

Kama kijiti kilikuwa na masizi meusi, safisha na bana pia, maana vumbi na utando wa buibui huinyima hewa. Moto wa njano unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, na kama hita yenyewe imefungwa ndani ya bafu bila bomba la moshi, ihamishe kabla ya kuoga tena.