Maswali na majibu: mitihani ya programu za miradi, kutoka Kilwa hadi Newala

Maswali ya safari hii karibu yote yanatoka kwa watu wanaojiandaa na mitihani ya usimamizi wa miradi na programu zake. Nimeyafupisha.

*Shikamoo mwalimu. Nimenunua kifurushi cha maswali ya mtihani wa Microsoft Project namba 74-343. Muuzaji anasema maswali ni yaleyale, nikariri tu. Nifanyeje? (Fundi sanifu, Masasi)*

Marahaba. Pole, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtihani huo ulikuwa wa toleo la 2013 la Project, programu ya kupanga ratiba za miradi, na Microsoft walishaufunga, kwa hiyo hata ukikariri yote huna pa kuyapeleka. Kabla ya kutoa hela, ingia kwenye tovuti ya wenye mtihani uone kama bado upo.

Ukitaka cheti cha kuanzia, angalia CAPM, cheti cha usimamizi wa miradi cha taasisi ya kimataifa ya PMI. Wanataka uwe umemaliza sekondari na una saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Mtihani una maswali 150 kwa saa tatu. Hawakuulizi kitufe kiko wapi, wanakuuliza ratiba inajengwaje. Kwa hiyo Project endelea kuifanyia mazoezi, maana ndiyo itakayokuonyesha ratiba inavyofanya kazi.

*Nikiongeza mafundi, mara siku zinapungua, mara hazipungui. Programu yangu ya Project ina kasoro? (Mtwara mjini, Ligula)*

Haina. Inapiga hesabu moja tu: saa za kazi ni muda mara idadi ya watu. Mafundi wawili wakifanya siku 10 kwa saa 8, hizo ni saa 160. Sasa ongeza wawili wapya. Kwenye taarifa za kazi kuna kisanduku kinachoiambia programu kwamba jumla ya saa isibadilike. Kikiwa na tiki, saa 160 zinagawanywa kwa watu wanne na kazi inaisha kwa siku 5. Kikiwa hakina tiki, siku zinabaki 10 na saa zinapanda hadi 320, nawe unalipa mafundi wanne kwa siku zote hizo.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wamefundishwa kubonyeza bila kupiga hesabu. Chukua kalamu, andika jibu lako kwanza, halafu ndiyo uiache kompyuta ijibu. Mkitofautiana, tafuta sababu mpaka uipate. Jioni moja ya namna hiyo naithamini kuliko wiki nzima ya kutazama video.

*Tunajenga ghala la korosho Tandahimba. Nimeweka siku 7 za kusubiri zege likomae kabla ya kupandisha kuta, lakini tarehe inarushwa mbele mno. (Msimamizi wa ujenzi)*

Swali zuri sana, na limebeba mambo mawili. Kwanza, ukiandika 7d programu inahesabu siku za kazi. Zege likiisha kumwagwa Alhamisi tarehe 1, Jumamosi na Jumapili zinarukwa, na kuta zinaanza Jumanne tarehe 13. Lakini zege halina wikiendi, linakomaa hata mkiwa mmelala. Andika 7ed, yaani siku za kalenda, na kuta zitaanza Ijumaa tarehe 9. Siku nne kwa herufi moja!

Pili ni kalenda yenyewe. Ile inayokuja na programu ni ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Haina Saba Saba, haina Nane Nane, na Idi haiijui kabisa. Mafundi wako nadhani Jumamosi wapo saiti. Yote hayo unayaingiza wewe, na ukiwa unakimbizana na msimu wa mnada, usiyaache.

*Naweza kufanya mtihani wa CAPM nikiwa nyumbani Lindi? Umeme wetu unaujua. (Mwalimu wa kompyuta)*

Unaweza, kwa masharti. Msimamizi anakuangalia kwa kamera muda wote. Meza iwe tupu, mtu asiingie chumbani, jina kwenye kitambulisho lilingane na ulilojisajilia. Na usisome swali kwa sauti. Sisi tuliozoea kusoma midomo ikicheza tunaonywa hapo hapo. Watoto wapeleke kwa bibi yao.

Kompyuta itahimili kwa betri, lakini ruta ikizimika umebaki peke yako, kwa hiyo nayo itafutie umeme wa akiba. Intaneti ya simu wenyewe hawaishauri. Ukiona mashaka, fanyia kituoni Dar es Salaam, lakini usisafiri siku ya mwisho. Mei 2024 tulipata yote mawili: Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara huku Somanga, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari zikakatika, intaneti ikasuasua Afrika Mashariki yote.

Halafu angalia saa unapojiandikisha. Ukichagua 3:00 ukidhani ni saa tatu asubuhi, umechagua saa tisa usiku. Saa tatu asubuhi kwao ni 09:00.

*Kiingereza changu ni cha kubabaisha. (Nachingwea)*

Kiswahili hakimo kwenye lugha za CAPM, tusidanganyane. Jifunze msamiati wa mtihani wenyewe, si Kiingereza chote. Soma maswali ya mazoezi yanayotolewa na wenye mtihani na uzoee maneno kama "first" (kwanza) na "except" (isipokuwa), ndiyo yanayoangusha watu.

*Primavera P6 au Project? (Kilwa Masoko)*

Zote mbili ni programu za kupanga ratiba, kwa hiyo angalia matangazo ya kazi unayoitaka. Wakandarasi wakubwa na kampuni za gesi mara nyingi hutaja Primavera. Ila ukitoka Project, zoea jambo moja: Primavera kwa kawaida haisogezi tarehe mpaka uiamuru kwa kitufe cha F9.